Ukaguzi wa Duka la Dawa na Nafasi ya Mlaji

Utangulizi

Mlaji anaponunua embe huweza kulibonyeza. Anaponunua kitambaa huweza kukinyoosha na kukitazama mwangani. Anaponunua dawa hana kipimo cha namna hiyo. Kidonge chenye dawa kamili na kidonge chenye upungufu huweza kufanana kwa rangi, umbo na hata ladha. Tofauti yake hujulikana maabara au, kwa bahati mbaya, katika mwili wa mgonjwa asiyepata nafuu.

Ndiyo sababu sheria za nchi hazikumwachia mnunuzi peke yake jukumu la kuichunguza dawa. Zimeweka wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia dukani, kufungua makabati, kusoma madaftari na kuchukua sampuli. Hata hivyo, mkaguzi hufika dukani siku chache katika mwaka, ilhali wanunuzi hufika kila siku. Mlaji anayefahamu mkaguzi hutazama nini na kwa sababu gani huweza kuona mengi katika siku zile ambazo mkaguzi hayupo.

Katika somo hili tutaeleza aina za maduka ya dawa, mambo yanayokaguliwa, hatua zinazofuata ukaguzi, na wajibu wa mlaji. Mifano yetu tumeichukua katika ukanda wa pwani ulio kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga hadi mjini Bagamoyo. Lakini kanuni tutakazozitaja ni zile zile kwa Tanzania Bara yote.

Aina za maduka na vyombo vinavyoyasimamia

Katika mazungumzo ya kila siku huwa tunasema "duka la dawa" bila kubagua. Mbele ya sheria, hata hivyo, maduka haya si ya aina moja.

Famasi ni duka linaloendeshwa chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Huruhusiwa kuuza dawa za aina nyingi, zikiwemo zile zisizotolewa ila kwa cheti cha daktari.

Duka la dawa muhimu ni dogo zaidi, na mara nyingi ndilo lililo karibu na wananchi wa vijijini na pembezoni mwa miji. Huhudumiwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu na kutambuliwa. Huuza dawa zisizohitaji cheti pamoja na orodha fupi ya dawa muhimu za cheti, kama vile dawa mseto ya malaria na baadhi ya antibiotiki. Utaratibu huu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha ukaenezwa katika mikoa mingine ili kuchukua nafasi ya yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi. Maduka hayo ya zamani yalikuwa hayaruhusiwi kuuza dawa za cheti, lakini mengi yaliziuza kwa siri, kwa kuwa wagonjwa walizihitaji na famasi zilikuwa mbali. Serikali iliona ni heri muuzaji afundishwe, apewe orodha inayojulikana na akaguliwe, kuliko biashara hiyo kuendelea gizani.

Vyombo vikuu vinavyohusika na ukaguzi ni vitatu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya Julai 2019 iliitwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, hushughulika na dawa yenyewe: ubora wake, usalama wake na uwezo wake wa kutibu. Baraza la Famasi hushughulika na jengo na wataalamu: ni nani amesajiliwa, na duka limepewa kibali cha aina gani. Halmashauri ya wilaya, kwa kupitia mfamasia wake na wenzake wa idara ya afya, ndiyo iliyo karibu zaidi na maduka ya vijijini, na mara nyingi ndiyo inayofika kwanza malalamiko yanapotokea.

Mkaguzi hutazama nini

Watu wengi hudhani kwamba mkaguzi huja kutafuta dawa zilizokwisha muda wake, na kwamba asipoziona ataondoka. Hilo ni jambo moja tu miongoni mwa mengi. Tuyagawe katika mafungu manne.

*Kwanza, mtu aliye kaunta.* Mkaguzi huuliza cheti cha usajili wa duka, kisha huuliza anayehudumia ni nani na ana sifa gani. Duka huweza kuwa na vyeti vyote ukutani, lakini anayetoa dawa akawa ni ndugu wa mwenye duka aliyeshikishwa zamu. Kasoro hii ni kubwa, kwani dawa iliyo nzuri ikitolewa kwa kipimo kisichofaa hugeuka madhara. Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Samahani, mtoa dawa mwenyewe yupo?"

*Pili, mahali dawa inapokaa.* Dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 30. Mtu wa pwani anajua maana ya maneno hayo. Wakati wa kaskazi, chumba chenye bati lisilo na dari na dirisha dogo huwa kama tanuri ifikapo saa nane mchana, na unyevunyevu wa bahari haukosekani mwaka mzima. Joto huidhoofisha dawa kabla ya tarehe iliyoandikwa. Unyevu hufanya vidonge vibabuke, vishikamane au vibadilike rangi. Kwa hiyo mkaguzi hutazama dari, huulizia kipimajoto, na huangalia kama rafu zinapigwa na jua. Dawa za kuhifadhiwa kwenye ubaridi, kama insulini, hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hapo ataangalia kama jokofu linafanya kazi, kama kumbukumbu za joto zinaandikwa, kama limechanganywa na soda na chakula, na ni hatua gani huchukuliwa umeme unapokatika.

*Tatu, dawa yenyewe.* Hapa huangaliwa usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina la mtengenezaji na hali ya kifungashio. Maelezo yanatakiwa yasomeke kwa Kiswahili au Kiingereza. Mkaguzi hutafuta pia dawa zenye alama ya mali ya serikali, ambazo huwekwa herufi GOT au nembo ya Bohari ya Dawa, MSD. Dawa hizo zimenunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya hospitali, vituo vya afya na zahanati. Zikionekana zinauzwa katika duka la mtu binafsi, maana yake kuna mgonjwa aliyeambiwa zahanati kwamba dawa hakuna. Aidha, duka la dawa muhimu si zahanati: kumchoma mtu sindano, kumtundikia dripu au kumlaza katika chumba cha nyuma si kazi yake.

*Nne, madaftari.* Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu una uzito mkubwa katika biashara ya dawa. Mkaguzi hutaka kuona ankara na risiti za manunuzi: dawa hii ilinunuliwa kwa nani, lini, kiasi gani na toleo lipi. Swali hili si la kodi peke yake. Mwambao wetu una bandari bubu ambako vyombo hushusha mizigo usiku bila kupita forodhani. Dawa zinatakiwa kuingia nchini kwa kibali na kwa njia zilizotajwa na sheria, ili ziweze kuchunguzwa. Dawa isiyo na ankara ni dawa isiyo na asili; hata kama ni nzuri, hakuna awezaye kuthibitisha uzuri wake.

Funzo la mwaka 2009

Umuhimu wa madaftari na maabara ulidhihirika hapa nchini mwaka 2009. Dawa ya malaria iliyojulikana sana kwa jina la Metakelfin ilikutwa katika maduka 40 ya dawa ikiwa ya bandia. Shirika la Afya Duniani liliitaja katika mifano yake ya dawa bandia ulimwenguni, likieleza kwamba haikuwa na kiasi cha kutosha cha kiambato kinachotibu.

Msomaji azingatie idadi hiyo. Dawa haikukutwa kwa mchuuzi mmoja wa mnadani, bali katika maduka 40. Wanunuzi wake waliingia dukani kama tuingiavyo sisi sote, wakalipa fedha zao, wakapewa kitu kilichofanana na dawa. Katika ugonjwa kama malaria, siku mbili tatu za kumeza dawa isiyotosha huweza kuwa ndizo zilizotenganisha homa ya kawaida na malaria kali, hasa kwa mtoto mchanga na mama mjamzito.

Tunapata hapa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jicho peke yake halitoshi. Ndiyo maana wakaguzi huchukua sampuli na kuzipeleka maabara. Maabara ya taifa ya dawa ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwamba imefikia viwango vyake vya ubora. La pili ni kwamba dawa mbaya ikishagunduliwa dukani kwa mmoja, njia ya haraka ya kuyafikia maduka mengine ni kufuata ankara: nani alimuuzia nani. Duka lisilotunza ankara huikata njia hiyo, na dawa huendelea kumezwa.

Namba ya toleo nayo ina kazi kama hiyo. Mwezi Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imegundua kemikali yenye sumu katika toleo moja la dawa ya maji ya kikohozi ya watoto. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilichukua hatua ya kuliondoa toleo hilo sokoni. Tangazo halikuwa juu ya dawa zote za kikohozi, bali juu ya toleo lenye namba yake. Mzazi aliyekuwa ametupa boksi na kubaki na chupa iliyobanduka karatasi hakuwa na njia ya kujua kama chupa yake imo au haimo.

Baada ya ukaguzi

Ukaguzi huishia kwa taarifa ya maandishi. Kasoro ndogo, kama rafu chafu au kipimajoto kukosekana, huandikiwa maelekezo na muda wa kuzirekebisha. Dawa zenye shaka huondolewa katika mauzo, huchukuliwa au hufungwa kwa lakiri hadi majibu ya maabara yatoke. Kasoro kubwa huweza kusababisha duka kufungwa na mhusika kufikishwa mahakamani.

Si haki kumdhania kila muuzaji kuwa mhalifu. Watoa dawa wengi hufanya kazi hii kwa uaminifu, na katika baadhi ya vijiji duka lao ndilo la pekee lililo wazi usiku. Kulifunga duka la namna hiyo ni hasara kwa kijiji kizima. Kwa hiyo mkaguzi mwenye busara huelekeza kabla ya kuadhibu pale kasoro inapoweza kurekebishwa. Lakini yapo maduka ambayo hushusha milango mara tu habari zinapoenea kwamba wakaguzi wako njiani, kisha hufunguliwa wakiondoka. Mlaji anayeishi mtaa huo ndiye shahidi wa jambo hili. Tunamshauri ajiulize: ikiwa mwenye duka hawezi kusimama mbele ya mkaguzi na dawa zake, mimi nasimamaje mbele yake na mwanangu mgonjwa?

Kadhalika, wapo matapeli wanaojifanya wakaguzi ili wachukue fedha. Mkaguzi wa kweli huonyesha kitambulisho anapoulizwa, na huacha maandishi. Anayedai fedha mkononi ili "mambo yaishe" aripotiwe katika ofisi aliyojinasibisha nayo au kituo cha polisi.

Makosa yanayochangiwa na mlaji

Baadhi ya kasoro zinazokutwa dukani huanzia upande wetu wa kaunta. Mnunuzi huingia akasema, "Nipe rangi mbili za elfu moja," akimaanisha kapsuli chache za antibiotiki kwa kadiri ya fedha aliyonayo. Muuzaji, ili asimpoteze mteja, hufungua kopo, huhesabu kapsuli kadhaa na kuzifunga katika karatasi tupu. Kwa tendo hilo moja, cheti hakikuulizwa, dozi imekatwa, jina la dawa halikuandikwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kopo.

Tuchukue mfano wa dawa mseto ya malaria ya ALu. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 mara 2 kwa siku kwa muda wa siku 3, yaani vidonge 24. Anayenunua vidonge 12 kwa sababu homa huenda ikashuka siku ya pili hajanunua nusu ya uponyaji. Amewapa vimelea nafasi ya kubaki hai na kuizoea dawa. Utafiti uliofanyika mkoani Kagera, uliochapishwa mwaka 2024, umeonyesha vimelea vyenye dalili za usugu dhidi ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa hizi. Mali hii tunayo sote kwa pamoja, na hupotea kwa dozi moja moja isiyokamilishwa. Ni vema pia kupima kwanza, kwa kuwa si kila homa ni malaria.

Kosa jingine ni kutumia cheti au dawa iliyobaki ya jirani. Usisafirie nyota ya mwenzio: uzito wake, umri wake, ujauzito wake na maradhi yake si yako.

Mambo saba kabla ya kuondoka dukani

1. Tazama kama cheti cha usajili wa duka kimebandikwa mahali panapoonekana, na kama ni cha mwaka huu.
2. Eleza nani anaumwa, umri wake, dawa nyingine anazotumia, na kama ni mjamzito au ananyonyesha.
3. Soma jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Ukiwa huwezi kusoma, omba usomewe kwa sauti.
4. Angalia kifungashio: kisiwe kimefunguliwa, kufutwafutwa maandishi au kubandikwa karatasi juu ya tarehe.
5. Ikiwa umehesabiwa vidonge kutoka kwenye kopo, omba bahasha iandikwe jina la dawa, kiasi cha kumeza, nyakati na idadi ya siku.
6. Rudia maelekezo kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya mtoa dawa, ili akusahihishe ikiwa hukuyaelewa.
7. Dai risiti na uitunze pamoja na boksi hadi dozi itakapokwisha.

Mambo haya hayachukui zaidi ya dakika tano. Mtoa dawa mwema hatayachukia, kwa sababu ndiyo yale yale anayoulizwa na mkaguzi.

Ukiwa na shaka juu ya dawa

Dawa ikiwa na harufu, rangi au ladha isiyo ya kawaida, au mgonjwa akipata vipele, kuvimba au kuzidiwa baada ya kuitumia, wahi kwanza kituo cha kutolea huduma za afya. Usimwache mgonjwa bila dawa kwa sababu ya shaka tu. Mwonyeshe mtaalamu dawa hiyo naye ataamua kama iendelee au ibadilishwe. Mwombe pia aripoti madhara hayo TMDA. Watoa huduma wana fomu maalumu ya rangi ya njano kwa kazi hiyo.

Usiitupe dawa, na usirudi dukani kugombana. Ihifadhi ikiwa na boksi lake, karatasi ya maelezo na risiti. Kisha toa taarifa kwa mfamasia wa halmashauri, kwa ofisi ya TMDA au kwa Baraza la Famasi. Taja jina la duka na mahali lilipo, jina la dawa, namba ya toleo, tarehe uliyoinunua na kilichotokea. Taarifa isemayo "dawa za mtaani kwetu ni mbovu" haimpeleki mkaguzi popote. Taarifa yenye namba ya toleo humpeleka moja kwa moja kwenye rafu.

Kutoa taarifa si kumfitini jirani. Ikiwa dawa ni njema, uchunguzi utamsafisha muuzaji. Ikiwa ni mbaya, huenda yeye mwenyewe alidanganywa na aliyemuuzia, na taarifa yako itawaokoa wateja wake wengine ambao bado hawajaimeza.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya famasi na duka la dawa muhimu? Lililo karibu nawe ni la aina gani?
2. Kwa nini mkaguzi huuliza ankara hata kama dawa zote bado hazijapita tarehe yake?
3. Jirani amenunua vidonge 12 vya dawa mseto kwa ajili ya mtu mzima. Utamweleza nini?
4. Dawa ya serikali imeonekana ikiuzwa dukani. Nani ameumia, na taarifa ipelekwe wapi?
5. Chukua dawa yoyote iliyomo nyumbani kwako sasa hivi. Je, unaweza kutaja jina lake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi? Ikiwa huwezi, usiitumie. Ipeleke kwa mfamasia akushauri jinsi ya kuiteketeza.